Nyayo za Bwana Msa: Kutoka Kilosa hadi Makunduchi na Kurudi Mikumi

Ninacho kitabu kimoja ambacho si changu. Nilikitwaa mwaka 1986 kutoka mikononi mwa mwanafunzi wa kidato cha tatu, katika shule moja ya wilaya ya Kilosa, nilipokuwa nikifundisha ngeli za majina. Kijana alikuwa amekificha chini ya dawati, ameinamisha kichwa kama mtu anayesali. Nilimwendea taratibu, nikanyosha mkono, naye akanikabidhi bila neno. Kilikuwa *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla. Nikakiinua juu darasa zima likione, nikasema kwamba huo ndio ugonjwa wa vijana wa siku hizi: kuacha fasihi wakakimbilia porojo za wapelelezi.

Walimu wengi wa rika langu tulitoka vyuoni na fikra hiyo. Tulikuwa tumejifunza kuigawa fasihi mafungu mawili, fasihi dhati na fasihi pendwa, na ingawa hakuna aliyetuambia waziwazi tuidharau hii ya pili, tuliidharau. Fasihi dhati ilikuwa ya kusomwa kwa kalamu mkononi. Fasihi pendwa ilikuwa ya kusomwa ndani ya garimoshi.

Lakini wasomaji wenzangu, sitawaficha lililofuata. Jioni ile nilikwenda na kitabu nyumbani, nikawasha kibatari, nikasema nitazame kurasa mbili tatu ili nijue ninachokilaani. Jogoo wa kwanza alinikuta ningali nasoma. Kesho yake sikukirudisha, na keshokutwa sikukirudisha. Mwanafunzi aliona haya kukidai, nami niliona haya kukitoa, kwa kuwa kukitoa kungekuwa sawa na kukiri. Kijana akamaliza shule. Kitabu kikabaki sandukuni mwangu.

Nimestaafu sasa. Mwaka jana nilifungua sanduku lile kutafuta cheti fulani, nikakikuta, kurasa zimekuwa rangi ya chai. Nikakata shauri mambo mawili. La kwanza, kwenda Unguja kutazama mahali alipozaliwa Bwana Msa, mpelelezi niliyempenda kwa siri. La pili, kumtafuta mwenye kitabu.

Kwa wale wasiomfahamu, Bwana Msa ndiye mpelelezi wa kwanza mashuhuri katika riwaya ya Kiswahili. Huvuta kiko, huwa mtulivu, na huandamana na rafiki yake Najum, ambaye huuliza yale ambayo msomaji angependa kuyauliza. Yupo pia Inspekta Seif wa polisi. Mtunzi, Muhammed Said Abdulla, alizaliwa Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwaka 1918. Hadithi yake ya kwanza ya Bwana Msa ilipata ushindi katika shindano la uandishi la 1957 hadi 1958 lililoendeshwa na Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, na shirika hilohilo likaitoa kuwa kitabu mwaka 1960. Ikafuata *Kisima cha Giningi* mwaka 1968, *Duniani Kuna Watu* mwaka 1973, *Siri ya Sifuri* mwaka 1974, *Mke Mmoja Waume Watatu* mwaka 1975, *Mwana wa Yungi Hulewa* mwaka 1976, na *Kosa la Bwana Msa* mwaka 1984. Alifariki mwaka 1991.

Wapenzi wa lugha watafurahia jambo moja kuhusu jina. Chukua herufi ya kwanza ya kila jina la mtunzi: Muhammed, Said, Abdulla. Utapata Msa. Mpelelezi ni sahihi ya mtunzi iliyovaa kanzu ikaanza kutembea.

Watu husema, nami nimewahi kusema mbele ya darasa, kwamba Bwana Msa ni Sherlock Holmes aliyehamishiwa Unguja. Nasaba hiyo ipo: kiko kipo, rafiki mwaminifu yupo, na kufikiri kwa kufuata dalili kupo. Arthur Conan Doyle alimtoa Sherlock Holmes kwa mara ya kwanza mwaka 1887, akamweka katika nyumba nambari 221B, mtaa wa Baker Street, London. Wakati ule nambari za mtaa huo hazikufika hata huko, kwa hiyo nyumba haikuwapo. Hata hivyo watu walimpenda mpelelezi huyo kiasi cha kumwandikia barua, na mwaka 1990 ikafunguliwa nyumba ya makumbusho katika mtaa huo, yenye chumba kilichopangwa kana kwamba mwenyewe ametoka dakika hii. Wengine hupanda hadi maporomoko ya Reichenbach nchini Uswisi kutazama mahali alipoanguka mtu ambaye hakuishi.

Nilipozisoma habari hizo nilijiuliza: Waingereza wamejenga nyumba ya mtu asiyekuwapo katika nambari isiyokuwapo; sisi tumemfanyia nini Bwana Msa? Huko Ulaya mimi sitafika. Ulaya ninayoijua ni ile iliyo katika wilaya yetu, katika njia ya kutoka Kilosa kwenda Mikumi, na hapo hakuna mpelelezi ila mahindi na ufuta. Lakini Unguja haiko mbali.

Nilipanda treni ya umeme katika stesheni mpya ya Kilosa. Mtu wa umri wangu haachi kustaajabu. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ndiyo iliyoutia mji wetu uhai, na mto Mkondoa ndio uliozoea kuikata. Mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yaliivunja vibaya hata safari zikasimama. Vitabu vyote vya Kiswahili nilivyosoma utotoni vilifika Kilosa kwa reli ile: katika mizigo ya walimu, ya makarani wa mashamba ya mkonge, na ya wafanyakazi wa reli wenyewe. Sasa nilikuwa nakirudisha kimoja kuelekea pwani, mwendo wa saa chache tu.

Niliposhuka bandarini Unguja kutoka katika boti, kitu cha kwanza kilichonipata hakikuwa mahali bali neno. Kijana aliyenibebea begi aliniuliza: "Mzee wangu, unakaa Mjini au unakwenda shamba?" Nikamjibu kwamba sina shamba huku. Akacheka kwa adabu. Shamba, kwake, ni yote yasiyo Mjini. Mtu anaweza kukaa shamba bila ya kuwa na jembe.

Hapo nilisimama, maana nilitambua kwamba nimemsoma Bwana Msa miaka karibu arobaini kwa kamusi ya Kilosa. Kwetu shamba ni kipande chako cha mahindi au mpunga, au ni lile shamba kubwa la mkonge kule Kimamba na Rudewa lenye meneja na siku za malipo. Kila mtunzi yule alipotaja shamba, mimi niliona mistari ya mkonge iliyonyooka kama daftari. Yeye alikuwa akisema habari za mikarafuu na minazi, nyumba ya mwenye shamba iliyo katikati yake, njia nyembamba zenye kivuli, na watu wanaoishi humo wakimtegemea mwenye mali. Mauaji yanayotokea mahali pa namna hiyo yana maana nyingine kabisa. Katika mkonge mtu huweza kupotea na asijulikane na yeyote. Katika shamba la karafuu kila mtu anamjua kila mtu, kwa hiyo siri haikai katika giza. Inakaa katika heshima, katika yale ambayo watu wanayajua lakini hawayasemi.

Siku mbili nilitembea Mji Mkongwe nikiwa na swali moja. Muhammed Said Abdulla alipomaliza masomo mwaka 1938 hakuanza kuandika hadithi. Alikuwa mkaguzi katika idara ya afya ya mji, akafanya kazi hiyo miaka kumi. Ndipo mwaka 1948 akawa mhariri wa gazeti la *Zanzibari*, akawa pia mhariri msaidizi wa *Al Falaq*, *Al Mahda* na *Afrika Kwetu*, na kuanzia 1958 hadi alipostaafu mwaka 1968 alikuwa mhariri wa *Mkulima*, jarida la kilimo.

Kila anayeandika habari zake huitaja kazi ile ya afya kwa haraka, kama kituo cha kupitia. Nilipokuwa nimesimama katika uchochoro mmoja, nikitazama mfereji wa maji machafu ukipita chini ya ukuta wa nyumba ya fahari, nilianza kuiona tofauti. Mkaguzi wa afya ni mtu gani? Ni mtu mwenye idhini ya kubisha hodi katika kila nyumba, ya tajiri na ya maskini. Anafunua mfuniko wa kisima. Anatazama nyuma ya mtungi. Anauliza maji haya yametoka wapi, na takataka hizi ni za nani, na kila anayeulizwa husema si zake. Anajifunza kwamba maradhi yaliyozuka nyumba hii chanzo chake ni nyumba ya tatu. Je, si huo ndio upelelezi? Sherlock Holmes alitolewa na daktari, kwani Conan Doyle alikuwa daktari. Bwana Msa alitolewa na mkaguzi wa visima na mifereji. Hiyo ni hoja yangu, wala sikuikuta imeandikwa popote, lakini tangu niipate siwezi tena kumwita Bwana Msa kivuli cha Mwingereza.

Na tazameni magazeti yale. *Al Falaq* lilikuwa gazeti la Jumuiya ya Waarabu. *Afrika Kwetu* lilisema kwa niaba ya Waafrika. Katika Unguja ya miaka ya hamsini, mtu aliyepata kuweka kalamu yake katika meza zote mbili alisikia kesi moja ikisimuliwa na pande mbili zinazochukiana. Mpelelezi wa hadithi hahitaji malezi bora kuliko hayo.

Siku ya tatu nilipanda gari ya Makunduchi, mwendo wa kilomita zisizopungua 60. Minazi ikapungua njiani, mawe yakazidi, ardhi ikawa ya matumbawe yenye udongo mchache ndani ya mashimo. Hapa ndipo watu hukusanyika kila mwezi wa Julai kwa Mwaka Kogwa, wakapigana kwa makuti ya migomba ili kumaliza hasira za mwaka, na kibanda kikachomwa moto. Sikufika msimu huo. Nilifika siku ya kawaida, wanawake wakirudi pwani na mwani, watoto wakitoka chuoni.

Nilipokewa na mzee mmoja aliyekuwa ameketi barazani. Nilimwamkia shikamoo ingawa huenda tulilingana umri, naye akanijibu marahaba bila kusita, nikajua nimekadiria vibaya. Alizungumza nami kwa Kiswahili kisafi cha Mjini, kisha akageuka kumsemesha mjukuu wake kwa Kikae, na mimi, mwalimu wa Kiswahili wa miaka thelathini na zaidi, sikuambulia ila maneno mawili matatu.

Jambo hili nataka wapenzi wa lugha walitafakari. Kiswahili sanifu tunachokifundisha Kilosa kilisimikwa juu ya Kiunguja cha Mjini, na tangu 1930 kamati ya lugha ya nchi zilizotawaliwa na Mwingereza ilikilea na kukisambaza. Sisi wa bara hufikiri kwamba Mzanzibari alizaliwa nacho. Lakini mtoto wa Makunduchi alizaliwa na Kikae. Muhammed Said Abdulla, tunayemsifu kwa ufasaha wa Kiunguja, alitoka mahali ambapo Kiunguja chenyewe ni lahaja ya wenzao. Yeye na mwanafunzi wangu wa Kilosa, aliyeondoka nyumbani na Kikaguru akakuta Kiswahili darasani, wamekaribiana kuliko nilivyodhani.

Tena, jina Kikae lina siri ndani yake. Pale Makunduchi, sauti ya *l* huanguka katika maneno ambayo sisi tunaitamka. *Kale* huwa *kae*. Kikae ni lugha ya kale, na uwanja wa Mwaka Kogwa huitwa Kae Kuu. Kwa hiyo mtunzi alipoandika juu ya jalada maneno "watu wa kale", alikuwa akilitaja kwa Kiswahili cha Mjini neno ambalo kwao ni jina la lugha ya mama yake. Nilikuwa na kitabu mkononi nilipolitambua hilo. Nilikifunika, nikakitazama jalada kwa muda mrefu.

Nilimwomba mzee anionyeshe mzimu. Hapa ninakiri kosa langu la pili. Wakaguru wa kwetu huwaita mizimu ya wazee wao *misimu*, na neno hilo huwahusu wafu wenyewe, roho zinazokumbuka na kudai. Kwa hiyo miaka yote nilipowaeleza wanafunzi jina la kitabu kile niliwaambia kwamba maana yake ni pepo la wahenga. Hata niliposoma kwamba maiti ya mwenye mashamba ilikutwa mzimuni, nilijenga akilini picha ya msitu wa milima ya Ukaguru, wenye ukungu, miti mirefu na giza la mchana.

Mzee alinipeleka kwenye mwamba wa matumbawe, si mbali na bahari. Mbuyu mmoja. Upenyo wa pango ambao mtu mzima angeingia kwa kuinama. Vitambaa vyeupe na vyekundu vimefungwa katika vijiti, chetezo cha udongo chenye majivu, chupa tupu ya marashi, sarafu kadhaa. Jua lilikuwa likiwaka kote. Upepo ulikuwa mzuri. Hapakuwa na la kutisha ila ukimya.

"Huu ndio mzimu," akasema mzee. Akasema *huu ndio mzimu* kama mtu asemavyo huu ndio msikiti. Si roho; ni mahali. Watu wa kale walipachagua, na walio hai huja kuomba, kutoa nadhiri na kuondoka. Basi kitabu changu hakikuwa hadithi ya pepo hata kwa jina lake. Kilikuwa hadithi ya mahali patakatifu palipotiwa damu, na ya muuaji aliyejua kwamba watu wataogopa kupakaribia kwa maswali. Bwana Msa anapokataa kusema "mzimu umemuua" hawatukani wazee wala imani yao. Anamkatalia muuaji kujificha nyuma yao.

Nilimwuliza mzee kama mtunzi aliutumia mzimu huu au mwingine. Akacheka. "Hapa mizimu ni mingi, mwalimu. Na huyo Msa wako hakuzaliwa, atakuwaje na mzimu?" Nikamwuliza Giningi ni upande gani. Katika simulizi za visiwani Giningi ni mji wa wachawi, usioonekana kwa macho ya kawaida. Akaacha kucheka, kisha akasema kwamba Giningi hakufikiwi kwa gari, na anayejua njia hakuonyeshi. Muhammed Said Abdulla alikichukua hicho ambacho hakifikiwi, akakitia kisima, na katika kisima akampeleka mpelelezi. Mkaguzi wa afya, tena, akifunua mfuniko.

Kwa hiyo nyumba ya Bwana Msa sikuiona, na sitamwonyesha mtu mlango nikasema hapa ndipo. Hata lile shamba lenyewe halipo. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 ardhi ilitaifishwa na wananchi wakagawiwa eka tatu tatu. Mwenye shamba kubwa, nyumba yake na watu wake waliomzunguka, ambao ndio uwanja mzima wa hadithi zile, wakaondoka katika historia. Mwaka 1978 Shafi Adam Shafi alitoa *Kasri ya Mwinyi Fuad*, akatuonyesha shamba lilelile kwa macho ya mtumishi aliyechoka. Wahakiki wengi wamemlaumu Abdulla kwamba vitabu vyake vilivyotoka baada ya Mapinduzi vingali na harufu ya Unguja ya zamani, kana kwamba hakuna lililotokea. Lawama hiyo ina haki yake. Mimi mwenyewe niliifundisha. Lakini nimesimama Makunduchi, nikaona kwamba mtu akitaka leo kujua jinsi watu walivyoketi, walivyopeana kahawa, walivyodanganyana kwa adabu katika ulimwengu ule uliotoweka, itambidi awasome wote wawili: Shafi kwa hukumu, na Abdulla kwa ushahidi. Mpelelezi hukusanya vitu kabla ya hakimu kuja.

Nilikumbuka pia utoto wangu kando ya mashamba ya mkonge. Tulitishwa na mumiani, wanyonyaji damu ambao kila mtu alimjua aliyewaona na hakuna aliyewaona mwenyewe. Ikizuka habari ya mtu kupotea, ilisemwa mumiani, na habari ikaishia hapo. Hakuna aliyeuliza alikuwa akidaiwa na nani, au aligombana na nani siku ya malipo. Laiti tungalikuwa na Bwana Msa mmoja Kimamba. Na tungalikuwa naye, kwa kweli, kama walimu tusingalimnyang'anya mikononi mwa watoto.

Nilirudi Kilosa, nikaanza kuuliza habari za mwanafunzi wangu. Haikuwa kazi ngumu. Walimu hatusahau majina, na wilaya ina masikio. Nikaambiwa yuko Mikumi, ana duka la vipuri vya magari kando ya barabara kuu ya Iringa. Nikapanda gari asubuhi, nikapita Ulaya yetu, nikashuka Mikumi, mji ulioitwa kwa jina la mikumi, ile miti ambayo watu wa pwani huiita mivumo. Malori ya Zambia yalikuwa yakipunguza mwendo baada ya kuvuka hifadhi.

Alinitambua kabla sijasema. "Shikamoo, mwalimu." Nilimtolea kitabu, nikaeleza kwa kifupi. Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi: acheke, asikumbuke, aseme hata hivyo alikwisha kukinunua kingine. Alikipokea kwa mikono miwili, akakigeuza, akatazama ndani ya jalada ambapo palikuwa na jina lililofifia ambalo mimi nilikuwa nimelidhania lake.

"Hiki hakikuwa changu, mwalimu," akasema. "Kilikuwa cha marehemu mjomba. Alikuwa kazini relini, alikinunua Dar es Salaam. Mimi nilikichukua bila kumwambia."

Nikamwuliza mjomba alifanya nini. Akasema alimlimisha ekari nzima ya mahindi peke yake likizo ile, na tangu siku hiyo hakumwazima kitabu tena. Alikuwa na sanduku zima, akasema, la Bwana Msa na wengine. Hakusema kwa lawama. Alisema kama mtu anayemweleza fundi mahali gari lilipogonga. Miaka karibu arobaini nilidhani nimechukua kitabu kimoja, kumbe nilifunga sanduku zima.

Sikuwa na la kusema. Nikamwomba radhi, akasema, "Yamekwisha, mwalimu, ni zamani," kwa namna ile ambayo watu husema ili mkubwa asiaibike. Kisha akaniuliza kama ni kweli nimekwenda huko Unguja kwa ajili ya hadithi. Nikamweleza habari za mwamba, vitambaa, mbuyu na bahari. Akashangaa: "Kumbe mzimu ni mahali?" Nikamjibu kwamba mwalimu wake alimfundisha vibaya, na kwamba amesafiri mbali kusahihisha daftari hilo moja. Hapo akacheka kwa dhati, nami nikacheka.

Kabla ya kuondoka nilimwomba kalamu, nikaandika ndani ya jalada, chini ya jina la mjomba wake, ubeti huu mmoja niliokuwa nimeutunga garini:

Kitabu nilikishika, ungali u darasani,
Miaka ikazunguka, kikalala sandukuni,
Bahari nimeivuka, nikamsaka shambani,
Leo kwako nimefika, deni naweka mezani.

Aliusoma kimya, akihesabu mizani kwa vidole kama nilivyowafundisha. Akafika nane, akarudia upande wa pili, akafika nane. "Imetimia, mwalimu," akasema. Kisha akakiweka kitabu juu ya rafu, kati ya kopo la grisi na daftari la madeni, mahali ambapo mjukuu wake, aliyekuwa akituchungulia mlangoni, angeweza kukifikia.